Naomba ushauri: karatasi ya kura ya posta haijafika, Pennsylvania

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaoufahamu uchaguzi wa Pennsylvania, Marekani. Kuna mama mtu mzima, raia, aliomba kura ya posta mapema. Tovuti ya jimbo inaonyesha karatasi imeshatumwa, sandukuni hakuna kitu. Alihama fleti, na nadhani tatizo liko hapo: posta humfuatisha mtu barua za kawaida kwenye anwani mpya, ila bahasha za kura kwa kawaida hurudishwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti.

Njia ninazoziona ni kuomba kaunti ifute karatasi ile na kutoa nyingine, au aende kituoni siku yenyewe. Kwa kuwa hana karatasi wala bahasha ya kukabidhi, huko atapewa kura ya muda, inayohesabiwa baada ya kaunti kuhakikisha ile ya posta haikupokelewa. Naegemea ya kwanza, maana anatembea kwa fremu ya kujishikiza na foleni itamuumiza.

Hofu yangu ni muda. Pennsylvania haiangalii muhuri wa posta. Kura lazima iwe imefika kaunti kabla ya saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Asipoitia kwanza kwenye bahasha ya siri, ile ya ndani, haihesabiwi. Na mwanawe haruhusiwi kumpelekea, isipokuwa kwa fomu ya wakala wa mpiga kura mwenye ulemavu.

Je, fomu hiyo inatosha pia kumchukulia karatasi mpya? Na kaunti itataka kwanza abadilishe anwani kwenye daftari la wapiga kura?