Bustani ya mboga uani: kweli inaokoa hela?

BintiTabata
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa wale mnaolima mboga nyumbani kabisa, sio wenye mashamba. Nimepanga Tabata, nyuma ya nyumba kuna kieneo kama vitanda viwili vya sita kwa sita hivi na mama mwenye nyumba kaniruhusu nikitumie. Kwetu mboga ya majani ni kila siku, mafungu mawili ya mia tano mia tano, wakija wadogo zangu wikiendi ndo inazidi kabisa, nikipiga hesabu ya mwezi 30,000 inaondoka kwenye mchicha na matembele tu, nyanya na vitunguu sijagusa. Nikasema bora nilime. Sasa kuulizia mtandaoni naona watu wanauza vyungu, udongo wa kwenye mifuko, mipira ya matone, mara fundi wa kukujengea bustani ya ukutani, ukijumlisha vyote ni hela ya kula mboga karibu mwaka mzima bila kushika jembe. Halafu maji yetu ni ya bomba, bili tunachanga wapangaji wote, yakikatika tunanunua madumu.

Kuna mtu humu ambaye bustani imempunguzia matumizi kweli? Ulianza na nini, na kipi hakilipi nisijisumbue nacho? Udongo wa huku ni mchanga mtupu, ukimwaga maji yanapotea hapo hapo. Nawasilisha.

Mzee wa Majaruba
Karibu sana binti. Inaokoa, tena vizuri tu, ila kama unaanza kwa kununua hivyo vyungu na mipira basi hiyo ni mapambo sio mboga. Bustani ya kuokoa hela inaanza na vitu vya kuomba na vya kuokota.

Anza na matembele. Usinunue chochote, nenda kwa jirani mwenye nayo umuombe marando, kata vipande vya shubiri moja na nusu hivi vyenye vifundo vinne vitano, toa majani ya chini, kisha fukia nusu ya kipande ukiwa umekilaza kidogo, vile vifundo vilivyo chini ndo vinatoa mizizi. Fanya jioni jua likishapungua nguvu. Siku za mwanzo yatalala utadhani yamekufa, usiyang'oe, endelea kumwagilia. Kama baada ya mwezi unaanza kuchuma, na unachuma ncha tu, ukichuma ncha linatoa machipukizi pembeni, kwahiyo kadri unavyokula ndo linazidi kusambaa. Hakuna mboga inayolipa kuizidi hiyo kwa mtu aliyepanga, hata ukihama unakata marando unaondoka nayo.

Mchicha ndo utanunua mbegu, pakiti moja ndogo inatosha kabisa na usiimwage yote siku moja. Gawa, mwaga kidogo, wiki mbili mbele mwaga tena kidogo, ndo utakula mfululizo, la sivyo unapata mchicha wa kugawia mtaa mzima wiki moja halafu mwezi unaofuata unarudi kwa muuza mboga. Vile vijimbegu ni vidogo mno, changanya na mchanga mkavu kwenye kibakuli ndo usambaze, vinginevyo vinaota vimebanana sehemu moja. Wiki tatu nne unaanza kula. Na using'oe na mizizi kama wanavyofanya wauzaji, kata juu uache kama vidole vinne vya shina, unachipua tena. Mashina mawili matatu yaliyonawiri usiyaguse kabisa, yaache yatoe mashuke, yakianza kukauka unayakata unayapukutisha kwenye kitambaa, unapepeta kwa mdomo, mbegu hizo huzimalizi. Ila hakikisha mbegu ya kwanza ilikuwa ya kawaida, ikiwa chotara ukiirudia haitoki kama mama yake.

Huo mchanga usikutishe, dawa yake ni samadi. Ulizia wanaofuga kuku hapo mtaani, ile mbolea iliyochanganyika na maranda wengi wanatafuta pa kuitupa. Ila usiiweke mbichi inaunguza miche, irundike pembeni, imwagie maji, ifunike, igeuze mara moja moja mpaka ikipoa na harufu kali ikiisha, ndo uchanganye na udongo.

Mama K wa Kinyerezi
Mzee kasema vyote, mimi naongezea la maji maana hapo ndo watu wengi hela inawatoka bila kujua, unaokoa ya mboga unalipa kwenye bili, tena bili ya kuchanga, wapangaji wenzio wataanza maneno. Dada kwenye mchanga na kiangazi usiinue tuta, zamisha. Yaani chimba kijaruba kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi, kingo zake uzipandishe, maji ukimwaga yanabaki mle mle kwenye mizizi hayakimbii. Masika yakiingia, kuanzia mwezi wa tatu, ndo unabadilisha unainua tuta ili mvua isiozeshe mizizi. Juu ya udongo weka nyasi kavu au majani makavu ya kufagia uwanjani, unene wa viganja viwili, jua lisigonge udongo. Mimi nikishafunika hivyo namwagilia jioni tu.

Na maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kulowekea maharage, yote hayo ni ya bustani, weka ndoo chini ya karo. Ya sabuni ya kufulia mimi simwagii mboga za majani hata siku moja, hayo nampa mpapai. Kwetu sisi dumu moja la lita 20 kwa jioni linatosha eneo kama lako mboga zikiwa zimefunikwa, jua likiwa kali sana ndo naongeza.

gunia_moja (Nairobi)
Salamu kutoka huku Kayole. Dada usisahau kulima kwenda juu. Huku gunia ndio limetuokoa sisi wa nyumba za kupanga, Kibera mashirika yalisambaza hii kitu sana mwaka wa 2008 baada ya ghasia za uchaguzi wakati chakula kilikuwa shida, na hadi leo utaona watu wako nayo mlangoni. Unachukua gunia, mkebe mkubwa usio na chini wala juu unausimamisha katikati, ndani ya mkebe unajaza mawe madogo, pembeni unajaza udongo na mbolea, halafu unavuta mkebe juu kidogo, unajaza tena, hivyo hivyo hadi gunia lijae. Mwishowe uko na nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Maji unamwaga hapo kwa mawe, yanashuka na kuingia kwa udongo kila upande, la sivyo juu kunalowa na chini kunabaki kukavu. Toboa mashimo kwa mbavu za gunia upande sukuma, na juu weka dania au kitunguu cha majani.

Sukuma nayo ukishapata miche mara ya kwanza umemaliza kununua, ile michipuko inatoka kwa shina ukiivunja na kuipanda kwa kivuli inashika. Lakini angalia hilo gunia, zile za plastiki jua linazila, tafuta nzito ama uweke mbili.

Kijana wa Tengeru
Mnaeleza vizuri ila hakuna aliyejibu kipi hakilipi. Nyanya. Nasema hivi nikiwa natoka kwenye nyanya huku Arumeru. Tangu kantangaze aingie nchini 2014 nyanya bila dawa ni bahati nasibu, yule mdudu anaanza ndani ya jani, unaona vile vibaka vyeupe kama karatasi, ukija kushtuka kashaingia kwenye tunda. Kwa miche sita ya uani utanunua chupa ya dawa yenye bei kuliko nyanya zote utakazovuna, na msimu wa nyanya nyingi sokoni ndoo inashuka bei mpaka unashangaa. Vitunguu maji nao vinakaa ardhini miezi mingi, hiyo nafasi ungekata mchicha mara nne. Kabichi hivyo hivyo, unasubiri weee unapata kichwa kimoja.

Weka pilipili mbuzi shina mbili na nyanya chungu shina tatu, hizo unachuma kwa miezi na miezi. Bamia nayo haina makuu na jua la Dar inalipenda.

Mama K wa Kinyerezi
Kijana hapo kwenye nyanya nakupinga kidogo. Vile vinyanya vidogo vya kienyeji vinavyojiotea hata jalalani vinavumilia kuliko hizi kubwa, kwangu vipo kwenye fensi na sijawahi kuvipigia dawa ya dukani. Wadudu mafuta wakija kwenye mboga natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja, natia sabuni ya kipande kidogo, napiga jioni chini ya majani maana ndo wanapojificha, mchana jua linaua nguvu ya dawa. Ila nakubali, wa kuanza asianze na nyanya.

Na kuna faida haimo kwenye hesabu ya 30,000. Mboga uliyoimwagilia mwenyewe unajua imekunywa maji gani. Zile za kwenye mabonde zinazonyweshwa maji ya mitaro mimi wanangu siwapi.

BintiTabata
Jamani asanteni sana, Mungu awabariki. Vyungu na mipira naachana navyo. Nitachimba majaruba mawili, moja matembele moja mchicha wa kupishanisha, pilipili na nyanya chungu pembeni ya ukuta. Mbolea ya kuku kuna kaka anafuga broila nyuma yetu, jioni nampitia. Mzee wa Majaruba nauliza kitu kimoja, hiyo mbolea ikiwa bado inapoa naweza kupanda matembele kwanza nikaiweka baadae? Na Mama K hapo Kinyerezi ni karibu, marando unayo?

Mzee wa Majaruba
Panda tu, matembele hayana shida. Mbolea ikishapoa utaiweka katikati ya mistari, usiigusishe shina, funika na udongo kidogo umwagilie.

Mama K wa Kinyerezi
Yapo mengi mdogo wangu, njoo inbox nikuelekeze. Njoo Jumamosi jioni na kiroba na kitambaa kilicholowa, uyafunge humo yasinyauke njiani, na uyapande siku hiyo hiyo. Mbegu za mchicha pia nitakufungia, usinunue.