Broila siku ya 18, nawapa probiotiki, maranda bado yanaloa

Banda_la_Ganda
Salaam aleikum. Broila 300, siku ya 18, banda liko Ganda, Malindi. Tangu siku ya 12 wanapata probiotiki ya unga, yaani bakteria hai wa kusaidia tumbo (Lactobacillus na Enterococcus), kijiko kimoja cha chai kwa mtungi wa lita 20, maji ya mfereji, asubuhi hadi jioni. Chakula ni stata (chakula cha kuanzia vifaranga) ya dukani, naongeza dagaa wa kusaga kilo 5 kwa kila gunia la kilo 50. Maranda yameloa mpaka katikati ya banda, mbali na vyombo vya maji. Kinyesi hakina damu. Niongeze kipimo au nibadilishe aina?

Fundi_Chakula
Waaleikum salaam. Usiongeze wala usibadilishe, mtuhumiwa wa kwanza ni dagaa. Dagaa wetu wengi hutiwa chumvi kabla ya kuanikwa. Tuseme chumvi ni sehemu moja kwa kumi ya uzito wao: kilo 5 zina nusu kilo ya chumvi. Gunia zima la kilo 50 linataka kama gramu 150 tu, na stata imeshatiwa yake kiwandani. Kuku aliyezidishiwa chumvi hunywa mno, na maji hayo yote huishia kwenye maranda. Protini ikizidi nayo huleta kiu hiyo hiyo, pamoja na harufu kali ya amonia. (Mchanga unaoununua pamoja na hao dagaa tuuache kwa leo.)

Toa dagaa kabisa. Ondoa maranda yaliyoganda, geuza yaliyobaki, ongeza makavu. Baada ya siku mbili shika konzi moja uikamue. Ukifungua kiganja yakamwagika, yamekauka vya kutosha. Yakibaki donge, bado. Ukiona damu wakati wowote, huenda ni koksidia (ugonjwa wa vimelea vya utumbo), wahi dawa.

Sabaki
Dagaa sawa, ila nina shaka kama hao bakteria wanafika tumboni wakiwa hai. Maji ya mfereji yana klorini, nayo huua Lactobacillus kama inavyoua wengine. Halafu mtungi ukikaa bandani kutwa na joto hili, jioni unanywesha kuku uji wa bakteria usiowajua.

Pima jana wamekunywa kiasi gani. Kuku 300 wa umri huo kwa joto letu watakaribia lita 60. Robo yake, lita 15, ndiyo ya probiotiki. Maji hayo yaweke usiku kwenye beseni pana lisilofunikwa, klorini ipungue. Ukiwa na haraka, koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, subiri nusu saa. Alfajiri waondolee maji kwa muda wa saa moja, kisha utie probiotiki kwenye hizo lita 15 uwape, yaishe ndani ya saa tatu. Dozi ifuate idadi ya kuku iliyoandikwa kwenye pakiti. Kijiko cha chai si kipimo. Chombo ulichokiosha kwa Jik kisuuze mara mbili.

Na kama unawapa antibiotiki wakati huo huo, unatupa pesa. Maliza dawa kwanza, ndipo uanze probiotiki.

Mama_Vifaranga_Watamu
Kwani maziwa lala hayatoshi? Bei yake nafuu.

Fundi_Chakula
Dada, kuku hameng'enyi vizuri sukari ya maziwa. Ukizidisha, wanaharisha, na vyombo vinajaa utelezi na nzi. Ukija kubadilisha aina, kwa joto hili afadhali probiotiki ya Bacillus, bakteria ambao mbegu zao (spora) huvumilia ukavu na moto hata wa mashine ya peleti (chakula cha punje). Hiyo huchanganywa kwenye chakula. Pakiti ikisema kilo 1 kwa tani, gunia la kilo 50 ni gramu 50: changanya kwanza na kilo moja ya chakula, kisha kilo tano, ndipo gunia zima. Ukiimwaga moja kwa moja, wengine watakula dozi ya wiki na wengine hawatapata kitu.

Banda_la_Ganda
Shukran sana. Dagaa natoa leo. Mfereji ukikatika huwa nawapa maji ya kisima, yana munyu kidogo. Ni sawa?

Sabaki
Kumbe! Yapimwe kwanza. Chini ya miligramu 1,000 za chumvichumvi kwa lita hayana neno. Kati ya 1,000 na 3,000 yanaweza kulainisha kinyesi, zaidi ya hapo usiwape. Mpaka upate majibu, weka akiba ya mfereji ya siku mbili kwenye tangi lililo kivulini.