Alanis Morissette: albamu ya 1998 ilibuma au tunamwonea?

Kijana wa Nkuhungu
Mbukwenyi wakuu. Jana saluni hapa Nkuhungu, Dodoma, tumebishana mpaka kinyozi kazima mashine, mteja kabaki kanyolewa upande mmoja. Redio ilipiga wimbo wa Alanis Morissette, yule Mkanada. Nikasema albamu yake ya 1998, Supposed Former Infatuation Junkie, ilitikisa: iliingia chati ya Marekani moja kwa moja namba 1, nakala 469,000 wiki ya kwanza, na hadi hapo hakuna mwanamke aliyekuwa ameanza hivyo. Fundi simu mmoja akanicheka, eti ndiyo iliyomshusha. Namba moja inamshushaje mtu? Tumewekeana chipsi mayai na soda, nisaidieni kabla ya jioni.

Mpiga Hesabu
Mkuu, andaa hela. Tatizo si hiyo albamu, ni iliyoitangulia. Jagged Little Pill ya 1995 ilianzia nje ya mia bora, ikapanda taratibu kama lori la Kondoa, Oktoba ikafika namba 1. Februari 1996 ikambebea Grammy nne. Duniani imeuza zaidi ya milioni 30. Hii ya 1998 Marekani ilipata platinamu tatu, yaani milioni 3. Ilianzia juu kwa sababu watu walikuwa na njaa naye, halafu njaa ikaisha.

Mzee wa Kanda
Nyie mna namba za Marekani, mimi ninazo za Majengo. Kuanzia 1996 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda jirani na soko. Deki mbili, spika moja iliyopasuka, na daftari la oda.

Ile ya 1995 iliingia kwenye kanda ya dakika 60 kama nguo iliyopimwa: dakika hamsini na saba hivi, nusu upande A, nusu B. Kero ilikuwa mwishoni. Kuna ukimya, halafu anaimba peke yake bila hata gitaa. Wateja walikuwa wanatoa kanda mapema, kesho yake wanakuja juu eti nimewapunja wimbo. Nikaanza kuandika kwa kalamu kwenye kava: SUBIRI, HAIJAISHA.

Ya 1998 ikaja na nyimbo 17, dakika zaidi ya 70. Kanda ya 60 haitoshi. Ya 90 ilikuwa ghali, na utepe wake mwembamba, redio za mabasi zilikuwa zinautafuna. Mteja anakwambia "punguza". Upunguze upi? Nikawa nakata kwa kubahatisha, na nakiri nilikata vizuri na vibaya. Kwenye daftari ile ya kwanza ina kurasa tatu. Hii ina mistari kumi na minne.

Na tusidanganyane, ladha ilibadilika. Mwanzo alikuwa na hasira, hata asiyejua Kiingereza aliisikia. Mara hii katoka India, katulia, anashukuru. Kondakta hataki kutulizwa saa kumi na moja alfajiri.

Ila kubuma, hapana. Nina zabibu Hombolo. Msimu mmoja zilibeba mpaka nguzo zikalala. Uliofuata nikapata nusu, mzigo ambao jirani angechinja mbuzi. Mke wangu alininunia wiki nzima.

Mpiga Hesabu
Shikamoo mzee. Hizo kurasa tatu hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote, maana chati yao ilikusanya mauzo ya kaunta za huko, na platinamu ni nakala zilizopelekwa madukani. Sijui Afrika nzima tulirekodi ngapi.

Mzee wa Kanda
Marahaba. Najua, na senti haikumfikia. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ilipoanza kuuma nikafunga, nikahamia kwenye zabibu.

Kijana wa Nkuhungu
Shikamoo mzee, ahsanteni nyote. Nimemsomea fundi simu, tumegawana: mimi chipsi, yeye soda. Ila ile habari ya kurasa tatu hataki kuiamini. Daftari bado unalo? Lipige picha.

Mzee wa Kanda
Lipo Hombolo, limeegemeza mguu wa meza. Jumamosi nikienda nitalichomoa.