Tupeane uzoefu: Hifadhi ileile ya ndege, masika na kiangazi

Jirani wa Mbuga, Lanet

Habari zenu wadau.

Hapa Nakuru wengi wetu huingia mbugani Disemba, wageni wa familia wakishafika. Gari moja, mzunguko mmoja wa ziwa, picha za vifaru, halafu nyumbani. Miaka inapita na mtu anaamini anaijua mbuga. Mimi naishi karibu na nimekuwa nikirudi katika miezi ya kila aina, na inaniuma kuona watu wanavyokosa mambo makubwa yaliyo karibu nao hivi. Hifadhi yenye maji na miti hubadilisha wakazi wake. Ndege uliyemwona Februari huenda Juni yuko Urusi, na yule aliyekushangaza Juni, Februari utampita ukidhani ni shomoro.

Basi naomba waliowahi kurudi mahali pamoja katika majira tofauti watusimulie. Si lazima iwe Nakuru. Saiwa, Dunga, Kakamega, Ziwa Kanyaboli, popote upande wetu huu.

Naanza mimi. Kiangazi, Januari hadi Machi, naenda ukingoni mwa ziwa. Tope linakuwa wazi na kitwitwi kutoka Ulaya na Asia wanadonoa humo mchana kutwa. Kule kwao ni baridi kali, ardhi imeganda, hakuna mdudu wa kuokota. Ukiwatazama vizuri mwezi wa tatu utaona wamenenepa na baadhi wameanza kubadilisha manyoya. Hayo mafuta ndiyo masurufu ya safari. Mei ukingo uleule unakuwa karibu mtupu.

Hapo ndipo watu huacha kuja, eti mvua, eti barabara mbovu. Mimi nahamia kwenye nyasi na migunga. Kweche dume, ambaye kiangazi chote alikuwa wa kahawia hafifu, sasa ni mwekundu na mweusi, amejitunisha juu ya bua la nyasi. Kwera wanafuma viota kwenye matawi yanayoning'inia. Dume anafuma, jike anakuja kukagua, anaingia, anatoka, na asiporidhika anaondoka zake. Kiota kilichokataliwa kikishakauka, mara nyingi dume mwenyewe hukibomoa na kuanza kingine kibichi. Simamisha gari chini ya mti kama huo uzime injini. Saa nzima inapita hujashika simu.

Na maporomoko ya Makalia, kusini kabisa mwa mbuga, nendeni baada ya mvua za wiki kadhaa. Aliyeyaona Februari pekee hajayaona.

Mzee wa Menengai

Asante mwanangu kwa kufungua mada hii. Majira unayoyasema ni ya mwaka. Ziwa Nakuru lina majira mengine ya miaka mingi, na sisi tuliozeekea hapa tumeyaona.

Ziwa hili halina mto unaotoka. Njoro, Makalia na Nderit inaingiza maji, lakini njia yake kubwa ya kutoka ni jua tu. Kwa hiyo miaka ya ukame linanywea, magadi yanakolea, na miaka ya mvua nyingi linafura, magadi yanapungua. Ndege wanafuata hayo. Katikati ya miaka ya tisini lilikauka karibu lote. Upepo wa mchana ulikuwa unainua vumbi jeupe, linaingia hadi mjini, macho yanawasha. Kisha tangu 2010 likaanza kupanda, likapanda tena vibaya karibu na 2020. Kutoka kama kilomita za mraba 40 likapita 60. Lango kuu la zamani likazama. Kule Mwariki watu walipoteza nyumba, na hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu nina ndugu zangu huko. Migunga iliyokuwa kando ya maji ikafa imesimama. Hadi leo utaiona, vigogo vyeupe ndani ya ziwa, mnandi wamejaa juu yake wamekunjua mabawa yakauke.

Watu wanauliza heroe, yaani flamingo, walienda wapi. Heroe mdogo anakula mwani wa rangi ya kijani na bluu unaostawi kwenye maji makali ya magadi. Maji matamu yakizidi, mwani unapungua, naye anahamia Bogoria au ziwa lingine anakopata chakula. Ziwa likinywea anaweza kurudi. Nawakumbuka sana. Kulikuwa na asubuhi ambapo kutoka Baboon Cliff ukingo wote ulikuwa waridi na sauti yao inakufikia huko juu. Lakini siwezi kukubaliana na wanaosema mbuga imekufa. Maji yakiwa matamu zaidi samaki wanaongezeka, na walaji samaki wanakuja.

Mwari ndio ninaowapenda zaidi siku hizi. Wengi wanazalia visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita, na chakula wanakuja kukivua Nakuru. Hawatoki alfajiri, ni wazito mno. Wanangoja jua lipashe ardhi, kama saa tatu au saa nne, halafu wanapanda na hewa ya joto wakizunguka kundi zima, hawapigi mabawa, hadi wawe vidoa tu. Kisha wanateleza kuja upande wetu. Na samaki hao wenyewe hawakuwa wa ziwa hili. Ni perege wadogo walioletwa kutoka Ziwa Magadi, karibu na 1960, ili wale viluwiluwi vya mbu. Kabla ya hapo mwari hawakuwa na sababu kubwa ya kuja.

Wanjiku wa Kiamunyi

Shikamoo mzee. Nina swali dogo. Mbona nimeona heroe wa kijivu? Niliambiwa ni wagonjwa.

Mzee wa Menengai

Marahaba binti yangu. Hao ni vijana. Heroe huzaliwa wa kijivu, rangi ya waridi inatokana na chakula na inachukua miaka. Hawazalii hapa. Wanazalia Ziwa Natron, Tanzania, katikati ya magadi ambako fisi na mbweha hawafiki. Ukiwaona wa kijivu wengi, furahi, maana yake kule Natron kulikuwa na mwaka mzuri.

Mkulima wa Kipsain

Mimi ni wa Trans Nzoia, jirani wa Saiwa. Ni mbuga ndogo kuliko zote za taifa hapa Kenya, kama kilomita tatu za mraba, na ilianzishwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizotanuka. Uzuri wake ni kwamba unatembea kwa miguu. Unaacha gari langoni, unaingia msituni, kuna njia za mbao juu ya kinamasi na minara ya kupanda. Mtu wa mapato ya chini kama mimi anaingia na bodaboda hadi langoni, bila kukodisha gari la watalii.

Huku mvua yetu ni moja ndefu, tangu mwisho wa Machi hadi Oktoba hivi. Tunapanda mahindi Aprili. Wakati huohuo korongo taji wanagawanyika wawili wawili na kuingia kinamasini. Wanakanyaga matete wanatengeneza jukwaa, jike anataga mawili au matatu, na wote wawili, dume na jike, wanapokezana kulalia kama mwezi mmoja. Kutoka mnarani asubuhi utaona kichwa tu na lile taji la dhahabu katikati ya matete. Mnaweza kukaa hapo mkinong'ona, ghafla nzohe anasimama kwenye maji hatua chache kutoka kwa kiota, na hamkuwa mmemwona kabisa.

Kiangazi mambo yanageuka. Tukishavuna, korongo wanatoka na kukusanyika mashambani kwetu. Wanaokota punje zilizoanguka na wadudu kwenye mabua. Huko ndiko wanakocheza, wanaruka, wanainamiana, mabawa wazi. Watoto wangu wanaacha kazi wanatazama nami siwagombezi. Lakini hapo ndipo na hatari ilipo. Korongo taji wamepungua sana, wako kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu tunazijua sisi wenyewe: vinamasi vinakaushwa kulimwa, mayai na vifaranga vinachukuliwa, wengine wanakufa kwa sumu iliyowekwa shambani. Nguzo na nyaya za umeme nazo zinawaua. Nimewaambia majirani, sehemu ya chini ya shamba yenye maji iacheni. Mahindi yake ni haba hata hivyo, yanaoza.

Msituni nako, upande wa miti mikubwa, kuna shorobo wa zambarau mwenye mabawa mekundu ndani. Akiwa ametulia ni mweusi tu machoni pako. Akiruka kutoka mti hadi mti, moto. Huyo nimemwona miezi yote, ila kiangazi ni rahisi zaidi kumpata kwenye mti unaozaa matunda, kwa sababu miti yenye matunda inakuwa michache na wote wanakusanyika hapo, pamoja na kima wenye ndevu nyeupe tunaowaita karasinga.

Nyar Dunga

Mimi natoka Kisumu, na nataka Dunga isisahaulike. Watu wanaijua kwa samaki. Wanakula, wanapiga picha na ziwa, wanaondoka, na nyuma ya mgongo wao kuna kinamasi cha mafunjo chenye ndege wasioishi kwingine ila kwenye mafunjo. Kuna gonoleki mmoja, mgongo mweusi, kifua chekundu sana, utosi wa manjano. Utamsikia kabla ya kumwona. Dume na jike wanaitikiana haraka hadi unadhani ni ndege mmoja.

Nimeenda na mashua ya wavuvi alfajiri, nyakati mbalimbali. Masika gugumaji likiletwa na upepo linafunga ghuba na mashua inapita kwa shida, lakini mafunjo yanakuwa mabichi, marefu, na humo ndani kila mtu anajenga nyumba. Kiangazi unaona mbali zaidi, na jioni mbayuwayu wa kutoka Ulaya wanateremka kulala kwenye matete, kundi juu ya kundi. Tatizo la kiangazi ni moto. Mafunjo yakikauka yanachomwa, mengine yanakatwa mno. Sisemi mama anayesuka mikeka aache. Mafunjo yakikatwa kwa zamu huota tena vizuri, na mikeka ni karo ya watoto. Kinachouma ni kuunguza eneo zima kwa siku moja. Gonoleki harukii mbali, hana pa kwenda.

2020 ziwa lilipojaa kupita kiasi, ukingo ule wote ulibadilika. Niliogopa. Niliporudi baadaye na kumsikia tena asubuhi, niliwaambia wenzangu kwenye mashua wanyamaze kwanza.

Otieno wa Ahero

Dada umesema kweli. Niongeze tu kwamba kweche aliyetajwa hapo juu, kwenye mashamba ya mpunga huku kwetu anapatikana bila kulipa kiingilio. Njooni mpunga ukiwa umeiva.

Mwalimu wa Isukha

Kakamega mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo watu hudhani hakuna tofauti. Ipo. Wenye haraka waje Disemba hadi Februari, njia kavu, shorobo mkubwa wa bluu anaonekana vizuri akikimbia juu ya matawi. Lakini wanafunzi wangu nawapeleka mvua zikianza, kwa sababu ya siafu.

Baada ya mvua siafu huandamana chini ya msitu, na kila kinachoishi kwenye majani makavu kinakimbia: mende, buibui, panzi, vyura wadogo. Ndege wanajua. Wapo wanaofuata msafara huo, wanatangulia mbele yake na pembeni, wanadaka wanaokimbia. Siafu wenyewe hawawali. Msitu ambao dakika tano zilizopita ulikuwa kimya unakuta ndege wa aina nyingi wamejaa chini karibu na miguu yako, na wengi wao ni wale wa kujificha ambao ungewatafuta mwezi mzima. Ingiza suruali ndani ya gumbuti. Usisimame sehemu moja bila kutazama chini. Na mchukue kiongozi wa pale Isecheno au Buyangu. Vijana wa huko wanawajua ndege kwa sauti peke yake, na malipo yao ni sehemu ya sababu msitu bado umesimama.

Wanjiku wa Kiamunyi

Asanteni sana. Nina watoto wawili, likizo ya Agosti. Darubini ni moja tu. Nianzie Saiwa au mbuga yetu ya hapa?

Jirani wa Mbuga, Lanet

Kama hawajazoea kukaa kimya kwenye gari, waende Saiwa. Hapa Nakuru huruhusiwi kushuka ila sehemu chache, na watoto huchoka saa ya pili. Hapa waje Februari, kitwitwi wakiwa wamejaa na uwaambie wametoka wapi. Wape ramani kabisa.

Mkulima wa Kipsain

Karibu dada. Agosti bado mvua ipo, mara nyingi inaanza baada ya saa sita mchana, kwa hiyo uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi likifunguliwa. Malipo ya mbuga za KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, siku hizi ni kwa simu, maliza hayo ukiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri. Gumbuti kwa kila mtu, mbao zinateleza. Watoto wavae rangi zilizopoa, nguo nyekundu waache nyumbani. Msizunguke mbuga yote. Chagueni mnara mmoja mkae, darubini wapokezane kwa dakika, mwingine atumie masikio. Agosti vifaranga wa korongo waliototolewa mapema wanakuwa wakubwa wakubwa, wa kahawia, wanatembea nyuma ya wazazi kwenye nyasi fupi pembeni mwa kinamasi. Mkiwaona msiwasogelee hata kidogo, kifaranga akishtuka anajitupa kwenye matete na wazazi wanahangaika asubuhi nzima. Uji uje nao kwenye thamosi, karibu na lango hakuna hoteli.