Naombeni ushauri: Subaru Outback ya 2006, ninunue au niachane nayo?

Mwana wa Njombe
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri kabla sijafanya jambo la kujutia. Nafanya kazi Njombe mjini, na mama yangu yuko kijijini upande wa Makete. Kila mwezi lazima ashuke hospitali. Lami inaishia njiani, kinachobaki ni udongo na miteremko, na mvua ikishika gari dogo linalala barabarani. Nimepata Subaru Legacy Outback ya mwaka 2006, rangi ya fedha, namba D, viti vya ngozi, halijarudiwa rangi. Bei milioni 14. Nimelijaribu, limetulia barabarani ajabu. Lakini kila ninayemuuliza ananiambia la kwake: huyu anasema Subaru ni ugonjwa, yule anasema ukiizoea hutoki. Usingizi siku hizi siupati. Ninunue au niachane nayo?

Baba Wawili
Nunua Toyota mkuu. Rav4 ya zamani spea zake unazikuta hata mnadani. Subaru ukiharibikiwa Makete utangoja basi la kesho likuletee spea ya sensa kutoka Dar.

Kipepeo wa Tanga
Baba Wawili usimtishe kaka wa watu. Mimi nina Subaru Impreza ya injini ya lita 1.5 mwaka wa sita huu, naendesha mwenyewe Tanga hadi Lushoto na watoto nyuma. Zile kona za kupanda Lushoto nazijua moja moja, na gari halijawahi kuniyumbisha. Kweli mafuta linakunywa kuliko IST ya dada yangu, na plagi zikitaka kubadilishwa fundi analalamika nafasi hana ya kuingiza mkono. Kwa hiyo namlipa zaidi kidogo, anabadilisha, maisha yanaendelea. Siku nilipotaka kuliuza ndipo nilipoona ugumu. Wateja walikuja watatu, wote wakiuliza bei ya Passo.

Mzee wa Kilimia
Kijana, kabla ya bei jua unanunua nini. Subaru ni jina la Kijapani la zile nyota ambazo wazee wetu waliziita kilimia, na ndizo hizo sita kwenye nembo. Wakulima na mabaharia wa pwani walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mimi baba yangu alinionyesha kwa kidole.
Kampuni yenyewe mizizi yake ni ndege. Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alianza kutengeneza ndege mwaka 1917 kule Ota, mkoa wa Gunma. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha Wajapani wakakatazwa kutengeneza ndege na kampuni ikakatwa vipande. Mafundi walewale wakageukia pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit, na za mwanzo zilivaa magurudumu ya mkia wa ndege yaliyobaki stoo. Mwaka 1953 kampuni tano kati ya vile vipande ziliungana kuwa Fuji Heavy Industries. Ndiyo sababu kwenye nembo kuna nyota moja kubwa na tano ndogo. Mwaka 1958 wakatoa Subaru 360, kigari ambacho Wajapani walikiita mdudu kwa umbo lake la mviringo. Jina la kampuni kuwa Subaru rasmi limekuja juzi tu, 2017.
Na hilo la udongo wako lina asili yake. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilitaka gari la kawaida litakalopeleka mafundi kwenye milima ya theluji bila kuwatesa kama gari la jeshi. Kutoka hapo ikaja Subaru Leone inayosukumwa na magurudumu yote manne mwaka 1972. Hao mafundi wa umeme shida yao ilikuwa ileile ya mama yako.

FundiBoksa
Mzee shikamoo, somo zuri. Mwenye uzi, nijibu matatu: injini ni ya lita 2.0 au 2.5? Belti ya taiming imebadilishwa lini? Limewahi kupandisha joto?

Mwana wa Njombe
Asante Mzee, nimesoma mara mbili. Fundi, injini sikuangalia kwa undani, ila inalia vizuri. Muuzaji ni mtu mzima mstaarabu, hana sababu ya kunidanganya. Nilichotaka kujua zaidi ni uimara wa Subaru kwa jumla.

Mchungaji wa Kondoo
Mdogo wangu, una kiwanja? Usije ukalaza gari la milioni 14 kwenye nyumba ya kupanga. Gari linakula kila siku, kiwanja hakili. Nimeona vijana wengi wakizeeka na funguo mkononi.

FundiBoksa
Kwa jumla sijui kujibu, mimi naponya gari moja moja. Fungua kadi usome namba ya chesi. Ikianza na BP5 ni 2.0, ikianza na BP9 ni 2.5. Kisha jibu swali la joto, ndilo ulilolikwepa.

Mwana wa Njombe
BP9.
Joto lilipanda mara moja tu, pale mlima Kitonga, nyuma ya lori lililokuwa linapanda taratibu, jua kali. Tuliongeza maji, likapoa, likaendelea hadi mwisho. Fundi aliyekuwepo alisema ni kofia ya rejeta imechoka. Kofia si kitu cha kuachia gari zuri. Gari gani halichemshi Kitonga?

FundiBoksa
Magari mazima mengi hayachemshi Kitonga, mkuu.
Nieleze ili uelewe, maana watu husema "Subaru inaua gasketi" bila kujua ipi. Injini ya boksa imelala chali. Pistoni mbili zinapiga kushoto, mbili kulia, kama ngumi za mabondia. Wameitumia tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966. Uzito unakaa chini, ndio huo utulivu uliousikia kwenye kona. Lakini kwa kuwa imelala, ina silinda hedi mbili, yaani vifuniko vya silinda, na oili na maji hukaa muda wote kwenye ukingo wa chini wa gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini. Zile 2.5 za miaka ya tisini zilikuwa zinavuja kwa ndani, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Za baadaye kama hii yako huanza kuvuja kwa nje, unaona unyevu chini ya hedi, na hapo bado una muda. Ila ikichemshwa tu, hedi inapinda, na nayo inaanza kuvuja kwa ndani. Kofia ya rejeta ndiyo jibu la kila mtu anayetaka kuuza.
2.0 nimezitengeneza nyingi, zinatembea miaka ukibadilisha belti kila kilomita 100,000. Hiyo belti ndiyo inayozungusha pampu ya maji, ikikatika na valvu zinapinda. Mwishoni mwa 2010 Forester ikaja na injini mpya yenye cheni, habari ya belti ikaisha.

Nakuru Moja
Mimi niko Kenya, hapa Subaru ni karibu dini. Nilikuwa mdogo Colin McRae aliposhinda Safari Rally 1997 na Impreza. Tulisimama kando ya barabara ya vumbi tangu alfajiri. Kwanza unasikia helikopta, halafu ule mlio mzito wa boksa, halafu kitu cha buluu kinapita, na kwa dakika nzima hauoni chochote ila vumbi. Baba yangu alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena, Kankkunen wa pili, Subaru zote mbili. Na msisahau Patrick Njiru wetu, 1993, alimaliza Safari na Vivio, kigari cha injini ya cc 660. Watu hawakuamini. Ndugu, nunua. Udongo wa Makete si kitu kwa gari lililoshinda Safari.

Baba Wawili
McRae alikuwa na helikopta na mafundi nyuma yake. Mwenye uzi ana dumu la maji. Nunua Toyota.

Nakuru Moja
Hiyo Toyota yako ina asilimia 20 ya hisa za Subaru. Na GT86 iliyotoka 2012 ilikuwa na injini ya boksa, ikiundwa palepale Ota. Wenyewe waliomba, wewe unakataa.

Dereva wa Nyanda za Juu
Jamani subirini. Mimi napiga Dar–Mbeya na semi mwaka wa kumi na moja huu. Mwenye uzi kasema yuko Njombe, gari kalijaribu, linaelekea Makete. Kutoka Njombe kwenda Makete Kitonga huipiti kabisa. Kitonga iko kabla ya Iringa ukitokea Dar, ni zaidi ya kilomita 200 kutoka alipo. Nani anajaribu gari analofikiria kununua kwa kulipeleka Kitonga? Na "tuliongeza maji", nani na nani? Hii ni chai wakuu, hadithi ya kutunga.

Kipepeo wa Tanga
Ee! Hata mimi sasa nimerudi kusoma juu. "Likaendelea hadi mwisho." Mwisho wapi?

Mchungaji wa Kondoo
Chai yenye tangawizi. Watu wanatafuta wachangiaji tu. Mods fungeni uzi.

FundiBoksa
Mimi sijali kama ni chai, anayesoma atajifunza. Lakini kama ni kweli, mwenye uzi, gari liko wapi sasa hivi?

Mwana wa Njombe
Liko uani kwangu.
Si chai wakuu. Nisameheni, nilianza kuandika vingine nikaona aibu. Gari lilikuwa Dar, Kimara. Jumamosi iliyopita nimelitoa huko, mimi na kijana wa pale nyumbani, tukalala Mikumi, tukafika Njombe Jumapili usiku. Nimeshalipa milioni 8, sita zilizobaki namalizia mwisho wa mwezi ujao. Kadi bado ina jina lake. Muuzaji ni baba wa mchumba wangu. Mahari nimeshatoa sehemu, harusi ni baada ya mavuno. Aliniita mwenyewe akaniambia, mwanangu, mimi macho yamechoka, sitaki gari hili liende kwa mtu baki. Mngekuwa ninyi mngemwambia subiri kwanza nilete fundi?
Na bado naona si kosa. Bei ni nzuri, gari limetunzwa, mama atasafiri akiwa amekaa vizuri. Nilichouliza ni kama nimalizie hiyo sita.

Kipepeo wa Tanga
Pole kaka yangu. Hapa si gari tena. Mchumba anajua kwamba lilichemka?

Mwana wa Njombe
Hajui. Sitaki aanze kugombana na baba yake kwa ajili yangu.

Mchungaji wa Kondoo
Nafuta neno la chai. Ila mdogo wangu, mkwe unamheshimu kwa kumwambia kweli. Mimi nilinyamaza kwenye jambo la shamba na wakwe zangu, mwaka wa tisa huu tunasalimiana msibani tu. Ningesema siku ileile yangekwisha kwa kikombe cha kahawa.

Dereva wa Nyanda za Juu
Basi nimekuelewa, nami nafuta. Swali moja: hayo maji mliyoongeza Kitonga mliyapata wapi? Pale ni korongo na nyani, duka hakuna.

Mwana wa Njombe
Kulikuwa na dumu la lita tano kwenye buti, pembeni ya tairi la akiba. Mzee aliliweka mwenyewe asubuhi tunaondoka, akalifunga na kamba lisilale. Alisema safari ndefu maji ni muhimu. Ni tabia ya wazee.

FundiBoksa
Kesho asubuhi, gari likiwa la baridi kabisa, usiku mzima halijawashwa: fungua kofia ya rejeta, jaza maji hadi mdomoni, washa, angalia. Vikitoka vipovu mfululizo visivyokatika, huo ni moshi wa silinda. Nusa, utasikia harufu ya mafuta. Zima kabla halijapata moto, rudisha kofia, liwashe dakika chache, halafu minya bomba la juu la rejeta. Likiwa gumu kama jiwe wakati gari bado ni vuguvugu, jibu unalo. Chungulia na chini ya hedi pande zote mbili. Usilisafirishe popote kabla ya hapo.

Mzee wa Kilimia
Fundi ameeleza vizuri. Nami nasema, mkwe akikuuzia kitu, mtu wa kwenda kuzungumza naye ni mshenga, si wewe. Kazi yake haikuisha siku ya posa.

Mwana wa Njombe
Habari za asubuhi wakuu. Nimeamka saa kumi na moja, ukungu mzito, gari la baridi kama barafu. Nimefanya kama Fundi alivyosema, tochi ya simu mdomoni. Sekunde chache za mwanzo maji yalitulia nikafurahi. Kisha kikaja kipovu kimoja, cha pili, halafu vikawa vinafuatana kama uji unaoanza kuchemka, na maji bado ya baridi kwenye kidole. Harufu ipo. Bomba limekuwa gumu ndani ya dakika nne. Chini upande wa dereva kuna unyevu wenye vumbi limegandamana, si jipya.
Nimezima. Nimekaa kwenye kizingiti kama nusu saa.

Kipepeo wa Tanga
Pole sana. Na mama kliniki yake lini?

Mwana wa Njombe
Alhamisi. Nitamkodishia gari.
Mshenga nimempigia, anasafiri, amesema niongee mwenyewe kwa adabu. Nimempigia mzee sasa hivi. Nimemwamkia, nimemwambia baba, gari limenipa shida kidogo ya joto, nataka tushauriane. Habari ya vipovu nilikuwa sijaifikia. Akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza kwenye dumu yamebaki maji kiasi gani.

FundiBoksa
Usiliwashe tena. Ukilitoa hapo lipandishwe juu ya lori magurudumu yote manne, msilivute kwa kuinua mbele, mtaua na giaboksi. Hedi zikifunguliwa zipelekwe kusawazishwa kwanza, na gasketi nunua za chuma za tabaka nyingi, usikubali za karatasi. Belti na pampu ya maji badilisha hapohapo, injini ikiwa chini. Gharama zote ziandikwe kwenye karatasi moja, mshenga aende nayo Kimara.

Baba Wawili
Mkuu, nina Rav4 hapa Makambako, siku ya Alhamisi naweza kuja kumchukua mama. Weka mafuta tu.