Nimeacha sigara, sasa kitambi: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niliacha sigara mwanzoni mwa mwaka na sina mpango wa kurudi. Shida ni mwili: nilikuwa na kilo 71, sasa mizani inasoma 79 na suruali za kazini hazifungi kifungo.

Mimi ni dereva wa daladala, kutwa niko kwenye usukani. Zamani tukisubiri abiria nilikuwa navuta. Siku hizi mkono unaenda kwenye karanga, kashata na soda. Usiku naamka kutafuta kiporo. Najua nikotini hukata hamu ya kula, kwa hiyo kunenepa kidogo ukiiacha ni kawaida. Lakini hii si kidogo!

Nimejaribu kuruka chakula cha mchana, jioni nafidia kwa sahani mbili za ugali. Bigijii inasaidia, ila taya zinauma. Kijiweni wananishauri nivute moja moja nipungue. Hilo sitaki hata kulisikia.

Mlioacha kabla yangu, uzito ulitulia baada ya muda gani? Na mtu wa kukaa kutwa kama mimi atafune nini kisichonenepesha? Presha iko sawa, kisukari sina.