Kutoka Dar es Salaam hadi Konde, Pemba, kwa siku moja: je, msafiri wa peke yake atawahi?

Mgeni wa Malindi aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Mimi ni mwalimu wa kike kutoka Malindi, Kenya, na nimealikwa harusi ya binti wa binamu yangu huko Konde. Marehemu bibi yangu alikuwa akivuka kwa jahazi kutoka Shimoni na kushuka Wete kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi. Mimi nina pasipoti ila sina ujasiri wake, kwa hiyo nimeamua kupita njia ya wengi: nitaingia Tanzania kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro, nitalala Dar es Salaam, na siku ya pili nataka nilale Konde.

Kwa hesabu yangu, siku hiyo nitapanda boti ya saa moja asubuhi hadi Unguja, boti nyingine hadi bandari ya Mkoani, Pemba, daladala ya kwenda Chake Chake, kisha daladala ya Konde. Nitakuwa peke yangu, na begi la nguo pamoja na boksi la vyombo vya zawadi. Binamu yangu ananiambia, "Njoo tu, utafika," lakini wenye harusi humwambia hivyo kila mgeni. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama siku moja inatosha, na kama haitoshi, inakatikia wapi. Naomba pia kujua hali ya mwanamke wa peke yake barabarani iwapo giza litamkuta kabla hajafika.

Mkaazi wa Chake alijibu:

Waalaykum salaam, mwalimu. Siku moja inatosha, lakini si kila siku. Wageni wengi huanza hesabu asubuhi wakiwa Dar. Wewe ianze jioni ukiwa Chake. Daladala za Konde, namba 602, mchana hazina shida, lakini hupungua kadiri jua linavyoshuka, na baada ya Magharibi usizitegemee kabisa. Kwa hiyo uwe kituoni Chake ifikapo saa kumi na nusu. Kutoka Mkoani hadi Chake ni kiasi cha kilomita 30, nawe utapanda gari namba 603, ambalo husimama kila anapoonekana mtu mwenye kapu, basi lipe saa nzima na zaidi. Maana yake boti yako iwe imefunga gati Mkoani kabla ya saa tisa. Boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili na nusu au tatu kutoka Unguja bahari ikikubali, ilhali meli ya mizigo na abiria huchukua muda mrefu zaidi. Ukirudi nyuma kwa hesabu hiyo, utaona kwamba ni lazima uondoke Unguja kabla ya saa sita mchana.

Hapo ndipo siku yako inapoweza kukatika. Boti za Dar ni nyingi, lakini za Pemba si hivyo: kuna siku boti huondoka asubuhi mapema, kabla abiria wa Dar hawajashuka, na kuna siku haipo kabisa. Ratiba nazo hubadilika, kwa hiyo usitegemee ile uliyotumiwa na jamaa mwaka jana. Kata kwanza tiketi ya Pemba, kisha ndipo utafute boti ya Dar inayolingana nayo. Ukiona kati ya kushuka na kupanda kuna chini ya saa moja na nusu, lala Mjini, uondoke kesho yake.

Bandari utakayoshukia Unguja nayo inaitwa Malindi, kwa hiyo utatoka Malindi na kufika Malindi. Na ukiwa Dar, ukimsikia mtu anasema anakwenda mkoani, usimfuate, kwa sababu huenda safari yake ni ya Dodoma.

Baharia Mstaafu alijibu:

Mwanangu, mwenzangu amekueleza nchi kavu. Mimi nitakueleza maji. Boti ikitoka Malindi hupita magharibi ya kisiwa, na mpaka Tumbatu utadhani bahari ni sinia. Ikishauacha mwisho wa Unguja, huingia mkondo wa Nungwi, ambapo hakuna tena kisiwa cha kukukinga na upepo. Kama harusi yenu iko katikati ya mwaka, wakati kusi limeshika, jitayarishe. Huna haja ya kuuliza mkondo unaanzia wapi, kwa sababu utawaona wahudumu wakipita kati ya viti kugawa mifuko, na kina mama waliozoea watafunga vitambaa vya kichwa, waweke ndimu puani na kufumba macho hata kabla boti haijayumba. Wewe fanya kama wao. Kaa chini, sehemu ya katikati kuelekea nyuma, wala usivutwe na viti vya mbele vyenye madirisha makubwa, maana mbele ndiko kunakorushwa zaidi. Kula mkate mkavu na chai ya tangawizi saa moja kabla ya safari; tumbo tupu hutapika vibaya kuliko tumbo lililoshiba kidogo.

Jambo la pili nalisema kwa uzito. Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama usiku karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Hakuna nyumba ya Pemba ambayo haikumjua mtu aliyekuwemo. Ukifika bandarini ukaona watu wamesimama hadi mlangoni na mizigo imeziba njia, rudi ukakate tiketi nyingine, hata kama harusi itakupita. Ukishakaa, angalia jaketi la kuokolea liko wapi kabla hujatoa simu. Kuhusu njia ya bibi yako ya Shimoni, mwache nayo marehemu: ukishuka Wete bila pasipoti yako kupigwa muhuri, utakuwa mkosaji hata kama mwenyeji wako ni sheha.

Mngazija alijibu:

Mimi pia ni mgeni, natokea Moroni, na safari hiyo nimeifanya mara mbili peke yangu. Nitaongeza jambo moja ambalo wenyeji hulisahau kwa kuwa haliwahusu. Uhamiaji ni jambo la Muungano, na kutoka Dar hadi Unguja ni safari ya ndani, lakini ukishuka Malindi mgeni huombwa pasipoti, kwa hiyo isiwe chini ya begi ambalo mchukuzi ameshalitia kichwani. Foleni ile ilinila dakika arubaini. Ongeza muda huo katika hesabu ya Mkaazi wa Chake, pamoja na kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano, maana nayo huulizwa.

Tiketi yangu ya kwanza ya Pemba ilikatwa na rafiki, akaandika jina analoniitia yeye. Mlangoni, kijana wa kukagua alilisoma jina lile, akaisoma pasipoti, akalisoma tena, kisha akaniweka pembeni huku watu wote wakipita. Niliingia wa mwisho, nikapata kiti cha mbele kabisa, na yaliyonikuta kule mkondoni Baharia ameshayaeleza. Jina la tiketi liwe lile lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Uliza pia nauli mapema, kwa kuwa ya mgeni ni tofauti na ya mkaazi. Fedha za kutosha zibadilishe Unguja, na uwe na noti ndogo ndogo za daladala.

Mgeni wa Malindi aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimepiga simu leo, na siku niliyoipanga boti ya Pemba inaondoka saa moja na nusu asubuhi, wakati ambao mimi ningekuwa bado katikati ya bahari nikitokea Dar. Nitavuka Unguja jioni ya siku ya kabla na kulala Mjini. Sasa nitafika Mkoani kabla ya adhuhuri, na swali langu la giza halina nguvu tena, ingawa bado napenda kujua, maana boti huchelewa.

Binti Konde alijibu:

Dada, karibu kwetu. Hapo gatini Mkoani utawasikia matingo, ambao kwenu mnawaita makanga, wakiita "Chake, Chake" kabla hujakanyaga ardhi. Usimpe mtu boksi la vyombo mpaka mmekubaliana bei, wala usikubali lifungwe juu ya gari. Lipakate, hata ukidaiwa nauli ya kiti cha pili. Safari yako ikiangukia Ijumaa, ujue kwamba magari husimama kwa ajili ya sala, na ukifika Chake wakati huo utasubiri mpaka watu watoke msikitini. Ukiwa msimu wa karafuu, utaziona zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa barabara, na harufu yake itakutoa kichwani dizeli yote ya baharini.

Boti ikichelewa hata ukafika Chake baada ya Magharibi, usikodi bodaboda usiku na mizigo yote hiyo. Si kwamba watu ni wabaya, bali ni mbali na kuna kiza. Lala Chake kwenye nyumba ya wageni, umpigie binamu yako, na asubuhi utapata gari la mapema. Ukiwahi, kaa karibu na dereva na umwambie unakwenda harusini na kwa nani. Hatakuuliza mtaa. Atakushusha mlangoni, na yeye mwenyewe huenda akashuka kunywa chai.